Mita 50 za Maji

(Maneno ya somo lililosomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya kusoma na kuandika ya watu wazima. Msomaji asome polepole, na penye tarakimu asimame kidogo.)

Natumaini ya kuwa daftari zimekwisha funguliwa na kalamu zimechongwa. Aliyekuja moja kwa moja kutoka sokoni, kikapu chake bado mkononi, na akiweke chini ya benchi. Somo halitamkimbia.

Leo tutasoma habari za kuogelea, na hasa mbio za kuogelea za wanawake katika mashindano ya mataifa. Najua wengine watacheka. Mama mmoja katika darasa la huku Kariakoo aliposikia habari ya somo hili aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, mimi nauza vitenge Mtaa wa Kongo, maji yangu ni ya ndoo. Kuogelea kwanihusu nini?" Swali lake ni la haki, nami nitalijibu. Ila nitalijibu mbele kidogo, maana kwanza sharti tuyafahamu maneno yenyewe.

Andikeni neno hili: kuoga. Chini yake andikeni: kuogelea. Neno la kwanza lina silabi tatu, ku-o-ga. La pili lina silabi tano, ku-o-ge-le-a. Mtu huoga kwa ndoo na kata, akatoka amekuwa safi. Lakini aingiaye katika maji mengi, akaenda mbele kwa nguvu ya mikono na miguu yake, huyo anaogelea. Silabi mbili tu zimeongezwa, na kazi imekuwa nyingine kabisa. Kisha andikeni neno la tatu: kuelea. Kuelea ni kukaa juu ya maji bila kuzama, kama lieleavyo gogo au nazi kavu. Kumbukeni neno hilo la tatu, maana mwishoni litatufaa kuliko yote.

Katika mashindano kuna mitindo minne ya kuogelea. Mmoja ni wa chali, muogeleaji amelala mgongo majini na uso mbinguni. Wa pili ni wa chura, na kila aliyemwona chura ataufahamu bila picha. Wa tatu ni wa kipepeo, mikono yote miwili hurushwa pamoja, nao huchosha sana. Wa nne waitwa mtindo huru, nao ndio wa leo. Waitwa huru kwa sababu sheria humwachia muogeleaji achague mwenyewe namna ya kwenda. Akitaka kwenda kama chura, ruhusa. Lakini hakuna afanyaye hivyo, kwa kuwa ipo namna moja ipitayo nyingine zote kwa kasi: kulala kifudifudi, mikono ikipokezana mmoja mbele mmoja nyuma, na miguu ikipiga maji bila kupumzika. Wazungu hawakuwa na mazoea ya kwenda hivyo zamani. Kijana mmoja kutoka visiwa vya Solomon, Alick Wickham, aliogelea namna hiyo mjini Sydney, Australia, karibu na mwaka 1900, kama walivyoogelea watu wa kwao, na waliomwona wakaifuata. Basi mtindo huu wa mabingwa una asili pia kwa watu wa pwani na visiwani, watu wa mitumbwi na nyavu.

Sasa tupime urefu. Mbio fupi kuliko zote za mtindo huru ni mita 50. Tokeni nje, hesabuni hatua 65 au 70 za mtu mzima katika Mtaa wa Msimbazi, na hapo mtakapofika ndipo mwisho wa bwawa. Bwawa la mashindano makubwa lina urefu huo huo, kwa hiyo mwenye kuogelea mita 50 huvuka mara moja tu, hageuki. Huruka kutoka juu ya jukwaa dogo, huenda chini ya maji kwanza, na kabla ya kufika mita 15 sharti kichwa chake kiwe kimetokeza juu. Kisha hupiga maji mpaka ukutani, na ukutani pana bamba. Akiligusa tu, saa yake husimama. Waogeleaji wengi hawavuti pumzi ila mara moja au mbili katika safari hiyo yote, na wengine hata mara moja hawavuti.

Tarehe 29 Julai 2023, mjini Fukuoka, Japani, katika mashindano ya ubingwa wa dunia, mwanamke wa Uswidi aitwaye Sarah Sjöström aliivuka mita 50 kwa sekunde 23.61. Iandikeni tarakimu hiyo: mbili, tatu, nukta, sita, moja. Mbele ya nukta ni sekunde kamili. Nyuma ya nukta ni vipande vya sekunde. Wazee hapa watakumbuka ya kuwa shilingi moja ni senti 100, ijapokuwa siku hizi senti haimnunulii mtu hata kiberiti. Basi fanyeni kama sekunde ni shilingi, na ile 61 ni senti 61. Ni sekunde 23 na "senti" 61. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia, maana yake hapakuwa na mwanamke aliyekwisha kuonekana akienda upesi hivyo. Alikwenda zaidi ya mita mbili kwa kila sekunde. Mtu anayetembea kwa haraka kulikimbilia basi la mwendokasi angeachwa nyuma na huyu aliye ndani ya maji.

Nimewapa mfano wa shilingi na senti kwa sababu katika mchezo huu senti moja ni mali. Mwaka 1972, katika Olimpiki ya Munich, wanaume wawili walifika pamoja hata sehemu ya mia ya sekunde haikuweza kuwatenganisha. Wakubwa wa mchezo wakatazama sehemu ya elfu, wakampa ushindi mmoja kwa tofauti ya sehemu 2 za elfu. Baadaye watu wenye akili wakauliza: je, fundi aliyejenga bwawa alizijenga njia zote kwa urefu ulio sawa kiasi hicho? Fundi gani awezaye? Ukuta ukizidi unene kidogo upande mmoja, yule wa njia ile amepunjwa. Basi ikaamuliwa ya kuwa hesabu ikomee sehemu ya mia, na wanaolingana hapo wamelingana. Naupenda uamuzi huo. Ni sawa na mizani ya sokoni: usidai gramu moja katika mizani isiyoweza kuipima. Mwaka 1984 mjini Los Angeles wanawake wawili wa Marekani, Nancy Hogshead na Carrie Steinseifer, walilingana katika mita 100 mtindo huru, wote 55.92, na wote wawili wakavikwa dhahabu.

Jambo hilo lilitokea tena tarehe 11 Agosti 2016 mjini Rio de Janeiro, Brazili, katika mbio hizo hizo za mita 100. Waliolingana walikuwa Simone Manuel wa Marekani na Penny Oleksiak wa Kanada, kila mmoja sekunde 52.70. Oleksiak alikuwa na miaka 16 tu. Lakini jina la Manuel ndilo lililozunguka dunia, kwa kuwa hapakuwahi kuwa na mwanamke mweusi aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea katika mbio za mtu mmoja mmoja. Yafaa tujue sababu ya watu kulia machozi siku ile. Huko Marekani kwa miaka mingi watu weusi walizuiwa kuingia mabwawa ya miji waliyoijenga kwa kodi yao pia. Mzazi aliyezuiwa hakujifunza, na asiyejifunza hakumfundisha mwanawe. Hofu ikarithiwa kama nyumba inavyorithiwa. Kisha watu wakageuka wakasema ati mwili mweusi ni mzito, hauelei. Uongo huo umefika hata kwetu. Nimeusikia kwa masikio yangu ukisemwa na watu waliosoma. Mwenye kuusema na aende Nungwi au Bagamoyo akawatazame wavuvi.

Turudi nyuma zaidi. Wanawake hawakuruhusiwa kuogelea katika Olimpiki mpaka mwaka 1912, mjini Stockholm. Mbio za mtu mmoja mmoja zilikuwa za aina moja tu kwao: mita 100 mtindo huru. Aliyeshinda ni Fanny Durack wa Australia, kwa dakika 1 na sekunde 22.2, na wa pili yake alikuwa rafiki yake na Mwaustralia mwenzake, Mina Wylie. Nusura wasiende. Chama cha kuogelea cha wanawake wa kwao kilikuwa na kanuni ya kuwakataza kushindana mbele ya macho ya wanaume, na viongozi waliokataa walikuwa wanawake wenyewe. Watu walipiga kelele magazetini, kanuni ikabadilishwa, fedha za safari zikachangwa, wakaenda. Nataka akina mama mlisome tena fungu hili mkiwa nyumbani, maana mara nyingi twadhani kizuizi ni mume au baba, kumbe kimo katika kikao chetu.

Miaka 14 baadaye, mwaka 1926, Gertrude Ederle wa Marekani aliuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza. Alikuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake. Alitumia saa 14 na nusu hivi, naye alikuwa upesi kuliko mwanamume yeyote aliyekwisha kuvuka kabla yake, kwa karibu saa 2 nzima. Aliyevuka hivyo hakuwa mtu wa ajabu. Baba yake alikuwa mwuza nyama. Dawn Fraser wa Australia naye alizaliwa mtoto wa mwisho katika nyumba ya watoto 8, mtaa wa wafanya kazi, kifua chake kikimsumbua kwa pumu. Akashinda mita 100 mtindo huru katika Olimpiki tatu mfululizo, 1956, 1960 na 1964, na mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuzimaliza mita 100 chini ya dakika moja.

Na huyu Sjöström wa Uswidi? Mwezi wa Februari 2021 aliteleza kwenye barafu, kiwiko kikavunjika. Miezi mitano baadaye, kule Tokyo, akashika nafasi ya pili katika mita 50. Na mwaka 2024 mjini Paris akatwaa dhahabu mbili: mita 100 kwa 52.16, na mita 50 kwa 23.71. Alikuwa na miaka 30, umri ambao watu husema muogeleaji wa mbio fupi amekwisha pitwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika mita 50 zile zile za Paris, katika bwawa lile lile, alikuwapo binti wa Tanzania, Sophia Latiff. Aliogelea katika mchujo wa tarehe 3 Agosti 2024. Hakuvuka kwenda nusu fainali, kwa kuwa wanaovuka ni 16 tu wenye kasi kuliko wote. Mwenzake wa kiume, Collins Saliboko, aliogelea mita 100. Kabla yao, Rio 2016, alikuwako Magdalena Moshi katika mita 50 za wanawake. Kenya ilimpeleka Emily Muteti kwenye mita 50 za Tokyo na Maria Brunlehner kwenye zile za Paris. Uganda, nchi isiyo na bahari, ilimpeleka Kirabo Namutebi Tokyo.

Mtu aweza kuuliza: kama hawafiki fainali, wanaendea nini? Kuna utaratibu. Ili kuingia Olimpiki, muogeleaji sharti awe amekwisha kuogelea kwa muda uliowekwa, nao ni mkali sana. Nchi isiyo na mtu aliyeufikia hupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ili mashindano yawe ya dunia nzima. Wapo wanaoziita nafasi hizo sadaka. Mimi siziiti hivyo. Anayeogelea kwa nafasi hiyo huamka alfajiri kama wengine, na maji hayampunguzii baridi kwa kuwa anatoka nchi fulani. Tofauti yake na yule wa Uswidi haiko moyoni. Iko katika idadi ya mabwawa, ya walimu, na ya wenzake wa kushindana nao kila siku. Kama watoto elfu moja wakifundishwa, bingwa aweza kuonekana miongoni mwao. Kama wakifundishwa kumi, itakuwa bahati.

Hapa ndipo tunapofika kwetu Kariakoo. Jina lenyewe la mtaa latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, waliopiga kambi hapa. Ulimi wetu ukaligeuza likawa Kariakoo. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa. Upande wa bahari, penye upepo, palikuwa pa Wazungu. Katikati penye maduka palikuwa pa Wahindi. Waafrika wakawekwa Kariakoo na Ilala, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi katikati kama mpaka. Kwa hiyo wazee wetu walikaa mwendo wa nusu saa tu kwa miguu kutoka baharini, na bado bahari ikawa ya wengine. Mpaka ule wa sheria ulikwisha zamani. Lakini tazameni: katika mitaa ya Kariakoo, pamoja na maghorofa yake yote, hakuna bwawa la umma la mita 50. Mabwawa ya Dar es Salaam yamo zaidi katika shule za kulipia, mahoteli na vilabu, mengi yake upande ule ule wa upepo. Mtoto wa Mtaa wa Narung'ombe aweza kukua, akaoa, akazeeka, asijue kuelea. Na dada yake ndiye wa nyuma zaidi, maana kaka hutoroka akaenda kujifunza mwenyewe ufukweni na rafiki zake, yeye amebaki kuosha vyombo.

Sasa nalijibu swali la mama wa vitenge. Kuogelea kwakuhusu nini? Mama, bidhaa zako huenda wapi? Wanunuzi wako wengine hutoka Unguja na Pemba. Wewe mwenyewe umepanda chombo mara ngapi kwenda kwa shemeji au kwenye arusi? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipinduka na kuzama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Watu zaidi ya 200 walikufa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit iliondoka hapa hapa Dar es Salaam mchana, ikazama karibu na Chumbe. Wengi walizama humo pia, wanawake na watoto wakiwamo. Sisemi ya kuwa kuogelea kungewaokoa wote. Meli iliyojazwa kupita kiasi ni kosa la wenye meli na la wakaguzi, wala mzigo huo usitupwe mgongoni mwa abiria. Nasema tu ya kuwa ajuaye kuelea huwa na muda zaidi wa kungoja msaada, na katika ajali ile ya Spice Islander wapo waliookoka kwa kushikilia magodoro na vitu vingine vilivyoelea hata kukacha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na wengi wao ni wa nchi zisizo tajiri. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kukumbuka jambo hilo.

Na mafuriko je? Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, bonde la Jangwani likawa ziwa, na watu zaidi ya 40 wakafa katika mji huu. Wengine waliopoteza nyumba wakahamishiwa Mabwepande. Hapa sharti niseme wazi: maji ya mafuriko si maji ya kuogelea. Yana mbao, mabati, nyaya na taka, na nguvu yake hata Sjöström asingeipinga. Kwa mafuriko, kujua ni kuondoka mapema. Msichanganye mambo haya mawili.

Nimesikia sababu mbili zinazotolewa na akina mama, nazo si za kuchekwa. Ya kwanza ni nguo. Mwanamke wa heshima atavaaje mbele za watu? Katika mashindano zipo sheria za nguo: tangu mwaka 2010 nguo ya mwanamke haipiti mabega wala magoti, tena iwe ya kitambaa, kwa sababu mwaka 2009 mjini Rome nguo za mpira ziliwafanya watu waelee mno, rekodi za dunia 43 zikavunjwa katika mashindano ya mara moja. Lakini hiyo ni sheria ya wenye kushindana. Anayejifunza kuokoa roho yake hafungwi nayo. Kule Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi uitwao Panje uliwafundisha wasichana kuogelea na kuokoa wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri tangu kichwani hadi miguuni, na baadhi ya wale wanafunzi wakageuka kuwa walimu wa wenzao. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha mwaka 2016, nazo zikapata tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018. Katika picha hizo wasichana wanaelea kwa kushikilia madumu matupu. Madumu ya mafuta, ndugu zangu, haya haya ya Kariakoo.

Sababu ya pili ni nywele. Aliyelipia misuko hapendi kuiona imelowa chumvi, nami siwezi kumlaumu. Hata wakubwa wa mchezo wamelazimika kulitazama jambo hili. Kofia za kawaida za kuogelea ni ndogo, zilishonwa kwa kufikiri nywele laini. Ikatengenezwa kofia pana, iitwayo Soul Cap, kwa nywele nyingi na nene kama zetu. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo shirikisho la kuogelea la dunia liliikataa. Manung'uniko yakawa mengi kila nchi, na Septemba 2022 ikakubaliwa. Kwa mara ya kwanza, basi, kichwa chenye misuko kiliandikwa katika orodha ya vichwa vinavyotazamiwa kuingia bwawani.

Sasa mambo ya kufanya, nayo ni machache. Kujifunza kuelea huanza katika maji ya kiunoni, pasipo mkondo, mchana, na pamoja na mtu anayejua. Asiende mtu peke yake, wala watu wawili wasiojua wasifundishane. Mwanafunzi hulala chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, kifua kimejaa pumzi, huku mwalimu amemshika chini ya mabega. Apigaye kelele na kukaza mwili huzama, alegezaye huelea. Wengi huona ni vigumu kuamini hivyo mpaka wameona kwa mwili wao.

Na ukimwona mtu anazama, usimrukie. Atakukamata shingo, na mtazama wawili. Mpelekee kitu: mti, kamba, kanga mbili zilizofungwa pamoja, au dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kilichokazwa. Mrushie alishike, kisha piga kelele upate watu. Wenye vibanda karibu na feri ya Magogoni na ninyi mwendao Kigamboni kwa kivuko, jueni pia maboya ya kujiokolea yamewekwa wapi chomboni kabla hakijang'oa. Kuuliza si aibu.

Haya, zoezi la leo. Kwanza andikeni sentensi tatu, moja yenye neno kuoga, moja yenye kuogelea, moja yenye kuelea. Pili ni hesabu. Fanny Durack mwaka 1912 alitumia dakika 1 na sekunde 22.2 kwa mita 100. Sarah Sjöström mwaka 2017, mjini Budapest, aliweka rekodi ya mita 100 kwa sekunde 51.71. Je, amempita kwa sekunde ngapi? Geuzeni kwanza ile dakika iwe sekunde 60, mjumlishe na 22.2. Kisha ongezeni sifuri mwishoni mwa 82.2 ili nyuma ya nukta pawe na tarakimu mbili kama kwa mwenzake, ndipo mtoe. Nukta ikae chini ya nukta, hapo ndipo wengi walipokosea wiki iliyopita. Jibu ni 30.49. Asiyelipata na amwonyeshe mwalimu wake wa darasa kabla ya kwenda nyumbani.

Wiki ijayo tutasoma habari za risiti, na namna ya kuzihesabu. Kwaherini.